Funguo Zinazolala Ofisini

Chuma cha tatu kilikuwa kimebakiza unene wa ukucha kukatika pale dada yake alipopiga kelele kutoka ndani.

"Kaka! Cheche zinaangukia godoro!"

Fundi alizima mashine, akapandisha miwani yake mpaka kwenye paji la uso, akachungulia kati ya vyuma. Dada alikuwa akilipigapiga godoro kwa kitambaa chenye maji. Pembeni, kwenye kiti cha plastiki, mama yao alikuwa ameketi na fimbo yake mapajani, ametulia kama abiria anayejua safari ni ndefu.

"Mwanangu," mama alisema, "umekuja kutuokoa na moto, au umeona utuletee wetu wa nyumbani?"

"Nilisema mlisogeze hilo godoro tangu asubuhi, Mama."

"Tulisogeze liende wapi? Chumba chenyewe ukijigeuza kitandani umeshafika sebuleni."

Hakuwa ametia chumvi. Nyumba ilikuwa na vyumba sita, vitatu huku na vitatu kule, korido katikati na mlango mmoja wa kutokea nje. Karibu na mlango huo kila mpangaji aliweka jiko lake, kwa kuwa hapakuwa na pengine pa kuliweka. Majiko sita, mlango mmoja. Chumba cha dada kilikuwa cha mwisho kabisa, kule ambako korido ilikwishakata tamaa. Dada alifanya kazi ya kufua mashuka hospitalini, zamu ya jioni. Alitoka saa kumi na moja akarudi saa nne usiku, na saa zote hizo mama yao mwenye magoti mabovu alibaki chumbani na wajukuu wake mapacha wa miaka minne.

Fundi aliitwa Pima, kwa sababu alipima mara tatu kabla ya kukata mara moja. Hakufundishwa na mtu. Alijifunza kuchomelea kwa kuyatazama mageti yaliyovunjika na kujiuliza yamevunjikia wapi na kwa nini hapo. Kazi yake ilijulikana mtaa mzima, na grili hii aliyokuwa akiikata leo aliitengeneza mwenyewe.

Miaka miwili nyuma, wezi walikuwa wameongezeka. Taa za barabarani zilikuwa zimekufa moja baada ya nyingine, na kila iliyokufa iliandikiwa ripoti nzuri. Askari wa doria walikuwa wawili kwa mitaa kumi na minne, na mmoja wao alikuwa masomoni. Ikaundwa kamati. Kamati ikakaa, ikanywa chai, ikatembelea nchi jirani kujifunza, ikarudi na ugunduzi kwamba mwizi huingia kupitia dirishani. Ndipo ukatoka Waraka wa Makazi Salama: kila dirisha liwekwe grili ya chuma isiyofunguka, na nyumba isiyotii ifungwe.

"Yaani watatufungia nyumba kwa sababu hatukujifungia," mama alisema siku ile waraka uliposomwa.

Fundi hakuwa mtu wa kubishana na karatasi yenye muhuri. Alifunga madirisha mia mbili na kumi na tatu, na hakuna hata moja lililolegea. Serikali ya mtaa ikampa cheti cha Mdau wa Usalama, akakitundika juu ya meza yake ya kazi. Wezi nao waliusoma waraka, wakaanza kuingia kupitia mlangoni.

Kisha mwezi uliopita, mtaa wa pili, kikaango cha mafuta kiliwaka mdomoni mwa korido. Familia ya watu watano ilikuwa chumba cha mwisho. Mlangoni moto, dirishani grili ya Pima. Wanaume wanane waliifunga kamba, wakaivuta kwa pamoja, wakahesabu moja, mbili, tatu, wakavuta tena. Haikutikisika. Iliyowaokoa watu wale ni ofisi nyingine kabisa, bila yenyewe kujua: tofali za nyumba ile zilikuwa zile zilizopitishwa na ofisi ya viwango, na mama mmoja jirani alipoupiga ukuta kwa mchi wake mara tatu, ukuta ukaanguka kama mkate mkavu. Wote walitoka. Baba wa familia aliungua mikono mpaka kwenye viwiko.

Kesho yake Pima alikwenda kuona. Ukuta ulikuwa na shimo la kupita ng'ombe, na kando ya shimo, imenyooka kwenye fremu yake, grili ilisimama haijapinda hata nyuzi moja. Mzee mmoja akampiga begani. "Fundi, kazi yako haina mfano!" Pima aliitikia "Asante," kisha akarudi nyumbani na hakula siku ile. Mwiba wa kujidunga hauambiwi pole.

Serikali ilishtuka, kwa kasi yake. Kwa kawaida huwa haifuti waraka, huongeza mwingine. Ukatoka Waraka wa Pili: kila grili iwe na kijilango kinachofunguka. Lakini Waraka wa Kwanza ulibaki palepale, wenye afya njema. Pima aliona hapo pana kitendawili, ila alisema moyoni kwamba wenye kuandika wana sababu zao, acha kwanza akate. Ndiyo maana leo alikuwa juu ya ngazi nje ya dirisha la mama yake.

"Hodi hapo!"

Alikuwa afisa wa makazi, kijana mwenye shati lililopigwa pasi vizuri na mkoba uliojaa mpaka haufungiki. Mtaa ulimwita Bwana Muhuri, naye alijua, na hakuchukia.

"Karibu, bwana afisa," Pima alisema, akashuka. "Natoboa kijilango. Mpaka Alhamisi kitakuwa tayari."

"Hongera sana. Kitakuwa na kufuli?"

"Kitakuwa nalo. Ufunguo nitautundika ndani, kwenye msumari, pale Mama anapofikia."

Bwana Muhuri alikohoa. Akafungua mkoba, akatoa karatasi, akaisoma kwa sauti ya mtu asiyetaka kuulizwa kama ni yeye aliyeiandika. "Ili kuzuia funguo kuangukia mikononi mwa wahalifu, funguo zote za vijilango zitahifadhiwa katika ofisi ya serikali ya mtaa."

Dada alitokeza uso dirishani.

"Afisa, samahani. Ufunguo wa dirisha langu ukae kwenu?"

"Kwa usalama, dada yangu."

"Moto ukiwaka?"

"Unakuja kuuchukua."

"Natokaje kuja kuuchukua?"

Bwana Muhuri aliitazama tena karatasi, mbele na nyuma, kama mtu anayetafuta ukurasa uliochanika. "Hilo halijaelekezwa," alisema.

"Mwanangu," mama alisema kutoka kwenye kiti chake, "ofisi yenu hufungwa saa ngapi?"

"Saa tisa na nusu, Mama."

"Basi tutauomba moto uje asubuhi."

Asubuhi iliyofuata Pima hakushika mashine. Alikuwa na desturi kwamba jambo asilolielewa hulifuata liliko na kulitazama kwa karibu kabla ya kulilaumu. Akaenda ofisini.

Ndani palikuwa na ubao mkubwa wa mbao uliopigiliwa misumari mistari kwa mistari, na kila msumari ukining'iniza ufunguo. Zilikuwa zimefika kama themanini. Zilikuwa ndogo, za shaba, zinafanana kama watoto wa kuku.

"Upi ni wa nyumba ipi?" Pima aliuliza.

"Vibandiko vya majina vimeagizwa," Bwana Muhuri alisema. "Kwa sasa tunafuata namba. Namba ya msumari inakwenda kwa siku uliyoleta ufunguo. Namba ya daftari inakwenda kwa mtaa. Ukizijua zote mbili, haina shida."

"Na mtu akihitaji ufunguo wake kwa haraka?"

"Anajaza fomu, analeta picha mbili ndogo na barua ya mwenye nyumba."

"Kwa haraka, bwana afisa. Nyumba inawaka."

"Ah, hapo kuna fomu ya dharura. Ile nyekundu." Akafungua droo, akaifunga. "Zimeisha. Lakini zimeagizwa pamoja na vibandiko."

Pima aliutazama ubao. Hasira haikumjia. Kilichomjia ni ile hali ya kutazama geti lililoning'inia vibaya na kutafuta lilipoanzia kosa. Akanyoosha kidole kwenye msumari wa kwanza kabisa, juu kushoto.

"Huu wa kwanza ni wa nani?"

Bwana Muhuri aliusogeza muhuri wake kidogo kulia, akaurudisha kushoto. "Wangu. Niliambiwa nitoe mfano."

"Una familia?"

"Mke, na mtoto wa miezi miwili."

"Unalalaje?"

"Nalala karibu na mlango," afisa alisema polepole. "Nikisikia harufu yoyote naamka. Juzi niliamka mara tano, kumbe ni jirani anapasha maharage."

Pima alitikisa kichwa. Huyu hakuwa mtu mbaya. Alikuwa kama bomba: linapitisha kilichotiwa juu, liwe maji, liwe matope. Akashukuru, akachukua nakala ya fomu ya ukaguzi, akaenda nayo kwenye karakana yake.

Aliisoma mara tatu, kama anavyopima. Fomu ilikuwa na vipengele kumi na tisa. Kumi na vinane vilihusu kufuli: ukubwa wake, chuma chake, rangi yake, namba yake, kama lina kutu, kama limewahi kuwa na kutu. Cha kumi na tisa kilikuwa mstari wa fundi kuweka sahihi: *Nathibitisha kwamba kijilango hiki hakifunguki bila ufunguo.*

Mlango wowote una pande mbili, Pima aliwaza. Upande mmoja una kufuli na upande wa pili una bawaba. Serikali ilikuwa imelitazama kufuli mpaka macho yakauma, na bawaba haikuwahi kuulizwa hata jina.

Bawaba za grili ni kitu chepesi: vipande viwili vya bomba dogo, kimoja kwenye fremu, kimoja kwenye kijilango, na pini ya chuma inayopita katikati yake. Fundi mzuri akishaitumbukiza pini huipiga doti ya moto kichwani, tone la chuma kilichoyeyushwa, ili isichomoke kamwe. Pima angeweza kuziweka bawaba upande wa ndani, azikate pini ziwe na pete za kushikia, kisha aziache bila doti. Mtu wa nje asingezifikia. Mtu wa ndani angezichomoa mbili tu, na kijilango kingesukumika na kufuli lake likiwa limefungwa salama salimini, na ufunguo wake umelala ofisini.

Shida ilikuwa ule mstari wa kumi na tisa. Pima hakuwahi kuweka sahihi yake kwenye uongo. Hata wateja waliomwomba aandike chuma kinene mahali alipotumia chembamba aliwakatalia na kuwapoteza. Na afisa akigundua, kibali cha karakana kingekwenda, na bila kibali asingeuza hata bawaba ya kabati. Akakaa kwenye kigoda chake mpaka chai ikapoa. Kisha akaanza kukata pini.

Alhamisi saa nne asubuhi kijilango kilikuwa mahali pake, kufuli limening'inia nje kwa adabu, rangi bado inanuka. Dada alikuwa ndani, mapacha wametumwa kwa jirani.

"Mama," Pima alisema akiwa nje, "njoo ujaribu. Shika pete ya chini, uvute juu."

"Mimi?"

"Ndiyo. Dada ana nguvu, hanipi jibu."

Mama aliinuka kwa fimbo, akajikokota, akashika pete. Akavuta. Akavuta tena huku akimtaja marehemu mume wake. Pini haikusogea.

"Nivute mimi," dada alisema, akaweka mguu ukutani. Akavuta mpaka mishipa ya shingo ikatoka. Hakuna kitu.

"Kaka, umetufungia tena!"

Pima akazunguka mbio, akaingia chumbani, akainama. Kwenye kichwa cha kila pini kulikuwa na doti ndogo, ya duara, iliyokaa vizuri kama kifungo cha shati. Alikuwa ameipiga mwenyewe, jana, bila kukumbuka. Mkono wa miaka ishirini ulifika mwisho wa kazi ukaimalizia kama ulivyozoea, wakati kichwa chake kikiwaza uongo wa kesho.

Alisimama akiitazama mikono yake.

"Ni mkono huu, Mama. Nilisema usipige, ukapiga."

Mama alicheka mpaka akakaa chini. "Unajua shida yako, mwanangu? Wewe ni mwaminifu mpaka mahali pasipotakiwa. Ulinifungia ukiwa na cheti. Sasa nifungulie, hata kama ni kwa aibu."

Akachukua mashine, akaiwasha, akaanza kukwangua doti ya kwanza. Ya kwanza ilitoka. Alipokuwa katikati ya ya pili, sauti ikaita koridoni.

"Hodi hapo! Ukaguzi!"

Dada akarusha shuka juu ya mashine, kisha akaliondoa upesi kwa sababu mashine ilikuwa bado inazunguka. Bwana Muhuri akaingia na mkoba wake.

"Fundi, nimesikia unakata. Si umemaliza?"

"Nasawazisha," Pima alisema. "Palikuwa na ukali kidogo, unaweza kumkata mtoto." Akapitisha mashine mara ya mwisho, akaizima. Doti ya pili ikaanguka sakafuni, ndogo kama punje ya mtama, na mama akaikanyaga kwa fimbo yake.

Bwana Muhuri alikagua. Alipima kufuli kwa utepe, akaandika. Aliulizia rangi, akaandika. Alitoa mkono kati ya vyuma, akalitikisa kufuli mara tatu, na kufuli likajibu kwa uimara wa kupendeza. Kisha akachukua ufunguo kutoka mkononi mwa dada, akautia kwenye bahasha, na hapo, kwa bahati tu, akaegemea ukuta kwa mkono wa kushoto. Vidole vyake vikagusa pete ya pini ya chini. Pini ikapanda kidogo, bila sauti, ikashuka.

Afisa aliitazama pini. Akamtazama Pima. Nje mtu alikuwa akifukuza kuku.

"Fundi," alisema, akaiweka fomu mezani, "mstari wa kumi na tisa."

Pima alifuta mkono kwenye suruali, akachukua kalamu. Mama yake alikuwa amekaa na miguu yake miwili isiyoweza kukimbia, akimtazama kama alivyomtazama siku ya kwanza ya shule. Sahihi ya Pima kwa kawaida ilikuwa ndefu, yenye mkia. Siku hiyo aliandika fupi, lakini aliandika.

Bwana Muhuri akapiga muhuri: SALAMA. Akapuliza wino ukauke. Akafunga mkoba, akausogelea mlango, akarudi hatua mbili.

"Dirisha langu," alisema kwa sauti ya chini, "bawaba zake zinalia usiku. Mtoto anashtuka. Nadhani zinahitaji kusawazishwa."

"Zako nazo zina ukali?"

"Sana."

"Nitakuja," Pima alisema.

Ilitakiwa iishie hapo. Lakini mama alimwambia jirani mmoja tu, na akamsisitizia asimwambie mtu. Kufikia Ijumaa mchana kulikuwa na watu kumi na mmoja mbele ya karakana, kila mmoja na dirisha linalolia.

"Langu linalia kama mbuzi," alisema mmoja.

"Langu halilii, ila mume wangu analia kwa niaba yake."

"Fundi, kwani unachaji nini kusawazisha?"

"Zile nilizofunga mwenyewe, sichaji," Pima alisema. Akatoa daftari. Hakuandika kwa kufuata aliyetangulia kufika. Aliuliza kila mtu mambo matatu: chumba ni cha ngapi kutoka mlangoni, analala nani, na huyo anayelala ana miguu ya namna gani. Wenye wazee na watoto kwenye vyumba vya mwisho wakaenda juu ya orodha.

Jioni Bwana Muhuri akapita, akajifanya anasoma tangazo ukutani. "Mimi nipo namba ngapi?"

"Ya nne."

"Kuna fomu ya kujaza?"

"Hakuna."

Afisa alipumua kama mtu aliyevua kiatu kinachobana. Lakini hakuondoka. "Fundi, makao makuu watatuma mkaguzi mwezi ujao. Huyo hatumii utepe. Anavuta kila kitu."

"Basi nina mwezi," Pima alisema. "Madirisha ni mia mbili na kumi na mbili."

Jumamosi alimaliza matatu ya kwanza. Saa kumi jioni alikuwa nyumbani kwa afisa, chumba cha mwisho kama kile cha mama yake, mke wa afisa amembeba mtoto na kusimama mbali na cheche. Hapa grili ilikuwa tayari na kijilango chenye kufuli, kazi ya fundi mwingine, bawaba ziko nje na pini zake zimefunikwa moto mpaka zinaonekana kama mizizi. Ilibidi kukata bawaba zote mbili, kuzihamishia ndani, na kutia pini mpya. Ya juu ilikatika. Ya chini ilifika zaidi ya nusu, kisha mashine ikashusha sauti, ikanung'unika, ikanyamaza.

Mtaa mzima ulisema "Aaah!" kwa pamoja.

"Mgao," mke wa afisa alisema.

"Leo si zamu yetu," Bwana Muhuri alisema. "Ratiba ipo. Nimeibandika mwenyewe."

"Basi ratiba haijasoma ratiba," mke wake akamjibu.

Pima alijaribu msumeno wa mkono. Ulikwaruza, ukateleza, ukang'oka jino. Mwanga nao ulikuwa unapungua, na hakuwa mtu wa kukata asichokiona. Akaweka kipimo kwenye kile kipande kilichobaki: milimita nne. Kijilango kilikuwa kimening'inia upande, hakifunguki na hakifungi.

"Wakirudisha umeme leo?" mke wa afisa aliuliza.

"Wakirudisha usiku sitakata, nitawaamsha watu wote. Nitakuja kesho asubuhi, saa moja. Umeme ukiwepo, nusu saa. Usipokuwepo, nitaleta msumeno mpya na subira."

Akachukua chaki, akachora mstari mweupe mahali atakapoanzia. Bwana Muhuri akamshikia ngazi wakati akikunja waya wa mashine, duara juu ya duara, mpaka wote ukakaa begani.